Kumfuata Yamato Takeru: kutoka Ueno hadi Nobono

Jumatatu, Tokyo

Sanamu iliyonileta Japani, ya Yamato Takeru, iko Kanazawa, upande wa pili wa milima, ila nimeanzia bustani ya Ueno kwa makusudi. Hapa amesimama mtu ambaye bila yeye ile ya Kanazawa isingesubiwa. Ni Saigo Takamori, jitu la shaba la mita 3.7, amevaa kimono cha nyumbani, mkononi ameshika kamba ya mbwa wake. Mwaka 1877 aliwaongoza samurai wa Satsuma, kusini kabisa mwa nchi, kupigana na serikali ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuiweka madarakani. Vita vilianza Februari, vikaisha Septemba kwa kifo chake. Serikali ilimsamehe mwaka 1889, na sanamu hii ikazinduliwa 1898. Takamura Koun aliichonga kwanza kwa mti, Okazaki Sessei akaisubu kwa shaba.

Husimuliwa kwamba siku ya uzinduzi mjane wake alishtuka, akasema mumewe hakuwa hivyo. Hakuna picha ya kamera ya Saigo inayokubalika kuwa yake, kwa hiyo mchongaji alilazimika kukisia. Ilikuwa miaka 21 tu tangu afe, na tayari watu walibishania sura.

Wale askari wa serikali waliouawa wakipigana na Saigo walipata ukumbusho wao mapema zaidi. Waliotoka mkoa wa Ishikawa walijengewa mwaka 1880 katika bustani ya Kenrokuen mjini Kanazawa, na juu yake hakuwekwa jenerali wala askari, akawekwa Yamato Takeru, mwana wa mfalme wa zama za hadithi. Huyo hakuna mjane, ndugu wala jirani awezaye kusimama mbele yake akasema, "Hakuwa hivyo." Ndiyo maana nataka kumwona. Nataka kujua mtu asiyeonwa na yeyote alipewaje mwili, na kwa mikono ya nani.

Jumanne, ndani ya treni hadi Takaoka

Shinkansen, treni ya kasi, ya Hokuriku ilifika Kanazawa mwaka 2015. Kabla ya hapo ulilazimika kuizunguka milima. Leo ni mahandaki tu, moja baada ya jingine, halafu ghafla bahari ya Japani kulia na milima ya Tateyama kushoto, vilele vimeshaota weupe. Novemba hii theluji ya juu imeanza.

Nimeutumia muda wa treni kuisoma upya habari ya Yamato Takeru. Imo katika kitabu cha kale cha Kojiki, kilichokamilishwa mwaka 712, na katika Nihon Shoki ya mwaka 720, na zinatofautiana. Katika Kojiki alizaliwa Ousu, mwana wa Keiko, anayehesabiwa mfalme wa 12. Baba alimtuma akamwonye kaka yake aliyekuwa hafiki mezani. Ousu alimvizia kaka alfajiri, akamponda, akamng'oa viungo, akamviringisha kwenye mkeka na kumtupa. Tangu hapo baba akamwogopa mwanawe. Akamtuma magharibi kuwaua machifu wawili wa kabila la Kumaso. Kijana akavaa nguo za shangazi yake kama msichana, akaingia kwenye karamu yao, na walipolewa akawachoma upanga. Aliyekuwa akikata roho ndiye aliyempa jina la Yamato Takeru, yaani shujaa wa Yamato. Aliporudi hakupumzishwa. Akatumwa mashariki, na akapita Ise kwa shangazi yake, kuhani wa hekalu, akalia: je, baba anataka nife?

Sisi wa pwani habari hii hatuisomi kama wageni. Fumo Liyongo naye aliogopwa na mtawala wa Pate kwa sababu ya nguvu zake tu, akawindwa kwa hila kwa kuwa vitani hakuna aliyemuweza, na mwishowe akachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa. Mimi niliyekulia Lamu nilipofika kwenye machozi ya Ise niliweka kitabu chini kidogo.

Shangazi alimpa upanga na kifuko. Kule Suruga adui alimwita kwenye uwanja wa nyasi akauwasha moto. Akazikata nyasi kwa upanga ule, akatoa vijiwe vya moto kifukoni na kuwasha moto wa kuurudisha ule wa adui. Upanga ukaitwa Kusanagi, mkata nyasi. Baadaye bahari ilipochafuka, mkewe Ototachibana alijitosa majini ili mume avuke salama.

Hakukalia kiti cha ufalme. Mwanawe Chuai ndiye anayehesabiwa mfalme wa 14. Lakini kitabu cha kale cha jimbo la Hitachi, cha karne ya 8, kinamtaja kwa cheo cha mfalme kabisa, kwa hiyo kuna mahali ambapo watu walimkumbuka hivyo. Mimi nimekubaliana na watu wa Hitachi.

Nimeshuka Shin-Takaoka, nikapanda treni ndogo ya reli ya Johana, kituo kimoja tu, nikafika mjini jioni.

Jumatano, Takaoka

Siku hii naiandika kwa urefu kwa sababu nilichokiona leo ndicho kiini cha safari.

Takaoka ni mji wa kusubu. Maeda Toshinaga, bwana wa Kaga, alijenga ngome hapa mwaka 1609, na mwaka 1611 akawaita mafundi saba wa kusubu, akawapa ardhi ng'ambo ya mto mahali panapoitwa Kanayamachi. Walianza na vyuma vya kawaida, masufuria na majembe. Shaba ikafuata, vyombo vya madhabahu za nyumbani, vyetezo, vinara, kengele. Leo sehemu kubwa kabisa ya vyombo na sanamu za shaba zinazotengenezwa Japani hutoka hapa. Mtaa wa Kanayamachi bado una nyumba za mbao zenye nondo nyembamba za mti madirishani, na kati ya mawe ya barabara wamepachika vipande vya shaba. Unatembea huku chini kunametameta.

Nilikaribishwa kwenye karakana moja na mzee ambaye familia yake imo kwenye kazi hii kwa vizazi. Mkalimani alikuwa mjukuu wake. Mzee hakunionyesha sanamu kwanza, alinionyesha udongo. Akauchukua mkononi, akaufinya, akaufungua, akanipa nami niufinye. Ukishikamana bila kunata ni mzuri. Ukiwa na maji mengi, shaba ya moto ikiingia mvuke hutafuta pa kutokea, na kalibu hupasuka.

Kwa kazi ya vitu vyenye mikunjo mingi, kama nguo na nywele, hutumia nta. Umbo hutengenezwa kwa nta, hufunikwa kwa tabaka za udongo, huchomwa. Nta huyeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa hubaki uwazi. Shaba humiminwa humo. Nikamwambia mzee kwamba siwa ya shaba ya Lamu, baragumu lililopulizwa kwa heshima ya watawala, ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo ya nta. Mjukuu alipotafsiri, mzee aliuliza unene wa ukuta wake. Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema kitu, na mjukuu akatabasamu: "Babu anasema waliojua kuisubu nyembamba hivyo walikuwa mafundi wa kweli."

Shaba nyeusi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na hapa huongezwa madini ya risasi ili itiririke vizuri na kujaza pembe ndogo. Kila kiungo kina sababu yake. Nikamuuliza kuhusu aseniki, madini yenye sumu, kwa sababu ya jambo ninalolifuata Kanazawa. Akasema zamani ilikuwa ya kawaida, kwani hushusha joto la kuyeyuka. Fundi mwenye tanuri la mkaa na mvukuto wa miguu hujali sana jambo hilo, hasa akiwa na mzigo mkubwa wa kuyeyusha kwa pamoja.

Rangi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Shaba mpya hung'aa kama sarafu. Ule weusi, ukahawia na ukijani wa sanamu za Kijapani hutiwa na fundi. Kuna mtindo wa kupaka uji mzito wa pumba za mchele na chumvi, kisha kuchoma hadi shaba iote madoa. Kuna mtindo wa kusugua kwa maji ya chuma kilicholowekwa kwenye siki. Kuna wa kuchemsha kwenye maji ya mrututu, na kabla ya kutumbukiza chombo hupakwa figili nyeupe iliyokunwa. Figili ile ile wanayokula na samaki. Mzee alinipa kipande nionje.

Mwaka 1876 serikali ya Meiji, enzi iliyoanza 1868, ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani. Maelfu ya mafundi waliokuwa wakitengeneza mapambo ya panga walipoteza kazi kwa amri moja. Wengi wakageukia vyombo vya kuuza Ulaya na Marekani. Takaoka ilikuwa imeshapeleka kazi zake kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873. Zile sanamu ndogo za shaba za Mfalme Jimmu na mwewe wa dhahabu juu ya upinde wake, au za Malkia Jingu na vazi la vita, ambazo leo unaziona kwenye maduka ya vitu vya kale duniani kote, zilitokana na kipindi hicho cha njaa na ustadi. Nikiiona moja sasa nitafikiria kwanza fundi aliyenyang'anywa soko lake.

Ishikawa ilipotaka sanamu kubwa ya Yamato Takeru, kazi ilikuja Takaoka. Wakati huo haikuwa hata mkoa mwingine: Toyama, ambako Takaoka ipo, iliunganishwa na Ishikawa mwaka 1876 na kutengwa tena 1883. Katikati ya miaka hiyo saba, watu wa hapa walisubu mwana wa mfalme wa mita 5.5. Hakuna aliyewahi kusubu hapa nchini mtu wa historia au hadithi wa kusimama nje kwa ukubwa huo. Kabla yake shaba kubwa ilikuwa ya mabuddha.

Jioni nilipita kwa Buddha Mkuu wa Takaoka, mita 15.85, uliomalizika mwaka 1933. Waliotangulia walikuwa wa mti na waliungua. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1900 watu wa mji waliamua, mara hii, shaba.

Alhamisi, Kanazawa

Kutoka Takaoka ni mwendo mfupi wa treni. Mvua. Dada mmoja wa Tanga anayesoma chuo kikuu hapa alinipokea kituoni na mwavuli wa pili mkononi. "Kaka, huku wana msemo: sahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli." Mvua haikukatika siku nzima.

Kenrokuen ilikuwa bustani ya mabwana wa Maeda, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1874. Watunza bustani walikuwa kazini: kuanzia tarehe 1 Novemba hufunga misonobari kwa kamba nyingi zinazoshuka kutoka nguzo ya juu, ili theluji nzito ya hapa isivunje matawi. Tulipita bwawa la Kasumigaike, tukapita chemchemi ya kurusha maji ya mwaka 1861, inayotajwa kuwa ya zamani kuliko zote Japani, nami sikusimama popote.

Na huyu hapa.

Amesimama juu ya lundo la mawe makubwa yasiyochongwa, yamepangwa kama yameota yenyewe. Nywele zimegawanywa na kufungwa pande mbili juu ya masikio, mtindo wa kale. Upanga anao. Uso hauna hasira. Nilitarajia shujaa anayeshambulia, nikamkuta kijana mtulivu anayetazama mbali, na mvua inamtiririka usoni. Ukumbusho unaitwa Meiji Kinen no Hyo, Ukumbusho wa Meiji, na ukiusoma jina hilo unaona wazi: enzi iliyokuwa katika mwaka wake wa 13 tu ilichukua sura ya zamani kabisa ili kuomboleza vifo vyake vipya.

Naielewa haja yao. Waliokufa kwa upande wa serikali walikuwa wameuawa na Wajapani wenzao, chini ya mtu aliyekuwa shujaa wa taifa miaka michache nyuma. Ukimweka jenerali juu ya jiwe, unafungua jeraha. Ukimweka Yamato Takeru, aliyetumwa magharibi na mashariki kwa amri ya mfalme, unawaambia wazazi wa askari kwamba watoto wao walifanya kazi ile ile ya kale. Ni siasa, ndiyo, na baadaye serikali zilizofuata zilitumia hadithi hizi kwa mambo mabaya zaidi. Sura yake ilichapwa hata kwenye noti ya yen 1,000 iliyotolewa mwaka 1945, nchi ikiwa magofu. Lakini mzazi wa mwaka 1880 aliyepanda hapa kumlilia mwanawe alihitaji pa kutazama, na fundi wa Takaoka alimpa.

Dada wa Tanga alinigusa bega. "Mwangalie kichwani, kaka. Na mabegani."

Safi. Kunguru walikuwa kwenye misonobari, tena wengi. Juu yake, hakuna hata mmoja, na hakuna uchafu wao.

Ijumaa, Kanazawa

Nimerudi asubuhi mvua ilipopungua, kumwangalia bila mwavuli. Ndege vilevile, pembeni.

Yukio Hirose wa Chuo Kikuu cha Kanazawa ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili. Alichunguza shaba ya sanamu akakuta ina aseniki nyingi kuliko kawaida. Akatengeneza mabati ya mchanganyiko wa namna ile, na ndege wakayakwepa. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, tuzo inayotolewa kwa tafiti zinazomfanya mtu acheke kwanza kisha afikiri. Magazeti ya dunia yaliicheka. Mimi, nikitoka Takaoka, naiona kama barua kutoka kwa wasubu wa mwaka 1880: walikuwa na tanuri la mkaa na kazi kubwa kuliko zote walizowahi kuifanya, wakachanganya shaba iyeyukayo kwa urahisi, na uamuzi wao wa siku ile bado unafanya kazi juu ya mabega yake.

Karibu na bustani ipo Makumbusho ya Taifa ya Kazi za Mikono, iliyohamishiwa hapa kutoka Tokyo mwaka 2020. Inahifadhi mwewe kumi na wawili wa Suzuki Chokichi waliopelekwa maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Ukifika na umekuta wametolewa kuonyeshwa, usikimbie. Kila unyoya umechongwa peke yake.

Jumamosi, njiani hadi Nagoya

Shinkansen hadi Tsuruga, kisha treni ya Shirasagi. Baada ya Maibara mlima Ibuki ulijitokeza kushoto, mita 1,377, mzito, kilele ndani ya wingu. Hapa ndipo alipoanguka Yamato Takeru. Alikuwa ameuacha upanga wa Kusanagi kwa mkewe Miyazu huko Owari, eneo la Nagoya ya leo, akasema mungu wa mlima huu atamkabili mikono mitupu. Mungu akamnyeshea mvua ya mawe, akachanganyikiwa, akashuka mgonjwa. Mlima huu ndio uliopimwa theluji ya kina cha mita 11.82 mwezi Februari 1927, rekodi ya dunia. Waliotunga hadithi ile waliujua mlima wao.

Nagoya nilikwenda moja kwa moja hekalu la Atsuta, unakosemwa upanga upo hadi leo. Hauonyeshwi kwa mtu yeyote. Nilisimama kwenye changarawe na mamia ya watu, wengi wamebeba watoto waliovalishwa kimono kwa sherehe ya Shichi-Go-San, ya kuwaombea watoto wa miaka mitatu, mitano na saba. Wote tuliinama kuelekea kitu ambacho hatutakiona. Upande wa magharibi, kwa mwendo mfupi wa miguu, kipo kilima cha Shiratori, kaburi la kale ambalo watu wa hapa hulihesabu kuwa lake.

Jumapili, Nobono

Reli ya Kansai hadi kituo cha Idagawa, kisha kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Hapa, mkoani Mie, aliishiwa nguvu. Kojiki inamfanya aimbe kuhusu nyumbani: Yamato, nchi bora kuliko zote, imefichwa na milima iliyopangana kama uzio wa kijani, Yamato ni nzuri. Akafa bila kufika. Wakamzika, naye akageuka ndege mkubwa mweupe, akaruka, na wake zake na watoto wakamfuata miguu ikikatwa na mianzi, wakilia.

Kaburi ni kilima chenye umbo la tundu la ufunguo, la karibu mita 90, limefunikwa na miti na kuzungushiwa uzio wa Wakala wa Nyumba ya Kifalme. Huingii. Ubao unakuambia usikanyage, usivue, usikate miti.

Mwaka 1876 serikali ilitangaza kwamba kaburi lake ni kilima kingine, karibu na hapa, kinachoitwa Shiratorizuka. Mwaka 1879 ikabadili, ikakitangaza hiki. Mwaka uliofuata sanamu ikasimamishwa Kanazawa. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja hivi mtu wa hadithi alipewa mahali pa mifupa yake na pia uso wake, na watu wale wale wa enzi ile. Kati ya hivyo viwili, kaburi liliamuliwa na maofisa juu ya karatasi; uso ulitafutwa kwenye udongo na nta na moto, na watu wa Takaoka walioujua uzito wa kila ratili waliyomimina. Mimi nauamini zaidi uso.

Nihon Shoki inasema ndege yule alitua mara mbili baada ya hapa, na kila alipotua palijengwa kaburi: kwanza uwanda wa Kotohiki huko Yamato, kisha Furuichi huko Kawachi, halafu akapaa mbinguni. Kilima cha Furuichi kipo mjini Habikino, karibu na Osaka, na kimo katika kundi la makaburi ya kale lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani mbele ya hekalu dogo la hapa alinichorea njia kwenye kipande cha karatasi: nenda Kameyama, shika reli ya Kansai kuelekea magharibi, ubadilishe Kamo. Akaongeza kwa kidole kwamba ya jioni ni chache. Kesho asubuhi naanza na hiyo ya Kamo.